Kufunga hita za infraredi kwenye kabini ya sauna nyumbani: mwongozo kamili, kuanzia lebo mpaka kuwasha

Wakuu, hii ni kwa yule aliyeagiza kabini ya sauna ya infraredi, au anayetaka kujijengea mwenyewe na kununua hita tu, na sasa mzigo umefika uko sebuleni kwenye makarton na karatasi ya maelekezo ina michoro midogo ambayo haieleweki. Nitaenda hatua kwa hatua, nikitumia mfano wa kabini ya watu wawili inayowekwa ndani ya nyumba, ndo saizi inayonunuliwa sana.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Joto la infraredi lenyewe sio balaa, kabini hizi zinachezea nyuzi 45 mpaka 60 hivi wakati sauna ya Kifini ya mawe inafika 80, 90, hata 100. Balaa liko kwenye umeme. Birika la umeme linavuta ampea nyingi kuliko kabini yako lakini dakika tatu limezima, soketi ikipata joto kidogo inapoa. Sauna inavuta mzigo unaokaribia huo dakika 45, saa nzima, kila siku, ndani ya boksi la mbao kavu, na mtu yuko humo ndani hana nguo, jasho linamtiririka, na ngozi iliyolowa inapitisha umeme kirahisi kuliko ngozi kavu. Kwa hiyo kila unachochagua hapa, waya, kiungio, swichi, breka, jiulize kama kinaweza kubeba mzigo kwa MUDA MREFU kikiwa kwenye joto. Kiungio kilicholegea kidogo ambacho kwenye taa kingekaa miaka kumi bila kelele, hapa kitaungua.

Na kazi ya kuvuta laini mpya kutoka kwenye boksi la breka ni ya fundi mwenye leseni, Tanzania leseni inatoka EWURA na Kenya EPRA. Kukusanya mbao, kupanga paneli, kupitisha waya ndani ya kabini unaweza kufanya mwenyewe ukiwa makini, lakini kuunganisha kwenye umeme wa nyumba na kupima mwachie yeye. Mwongozo huu utakusaidia pia kumsimamia, maana wapo watakaokuambia "chomeka tu hapo bosi".

Hatua ya 1: soma lebo kabla hujatoa kitu kwenye boksi

Hapa ndo watu wengi wanaumia, hasa mzigo uliotoka Marekani kwa ndugu au kwenye kontena la mtu anayerudi nyumbani. Kule umeme wa soketi ni volti 120. Huku Tanzania ni 230, Kenya 240. Hita haina akili, ukiipa volti mara mbili nguvu yake haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Piga hesabu: paneli ya wati 300 iliyotengenezwa kwa volti 120 ukiiweka kwenye 230, chukua 230 gawa kwa 120, zidisha jibu kwa lenyewe unapata kama 3.67, zidisha kwa 300 ni wati 1,100. Paneli ya kukanda mgongo imegeuka jiko. Na kontrola yake, lile boksi linalowasha na kuzima hita, nayo inakufa palepale.

Kuna wajanja wanafunga paneli mbili za 120 kwa mfululizo ili zigawane volti. Kwenye karatasi inakubali kama paneli ni pacha kabisa, lakini zikitofautiana wati, zile volti hazigawanyiki sawa, yenye wati ndogo inapata volti nyingi kuliko inavyostahili na inazidiwa. Sishauri. Kama kabini nzima ni ya 120 basi nunua transfoma ya kushusha inayobeba mzigo wote kwa muda mrefu, sio ile ndogo ya kuchajia shaver, au badilisha hita na kontrola uweke za 230. Mara nyingi kubadilisha kuna nafuu kuliko transfoma nzito inayopiga mlio kwenye kona.

Mzigo wa China nao uangalie. Lebo ikisema 220–240V uko sawa. Ikisema 220V tu, ukiwa Nairobi kwenye 240 paneli itatoa kama asilimia 19 zaidi ya ilivyoandikwa. Sio mlipuko, ila muulize muuzaji kabla. Inayotoka Dubai, Oman au Uingereza kwa kawaida haina shida ya volti.

Kwenye lebo hiyohiyo tafuta alama ya kiwango IEC 60335-2-53, ndo kiwango cha kimataifa cha hita za sauna na kabini za infraredi. Paneli isiyo na lebo kabisa, haina volti, haina wati, haina jina la aliyetengeneza, hiyo rudisha.

Hatua ya 2: ujue hita uliyonayo ni ya aina gani

Za kaboni ni paneli pana, bapa, uso wake mara nyingi haufiki nyuzi 100, joto linasambaa sawasawa. Za seramiki ni mirija au vibao vya udongo wa kuchoma, uso unapita nyuzi 200, kwa hiyo lazima ziwe na wavu wa chuma au fremu ya mbao mbele ili mtu asiguse. Halafu kuna zile taa za kwotzi zinazong'aa nyekundu, zinauzwa kwa jina la "full spectrum", zile ni moto kweli, zinataka umbali mkubwa na mwili na mbao, na sio za kukodolea macho.

Kwa nyumbani, kwa mtu anayefunga mwenyewe kwa mara ya kwanza, chukua kaboni. Sio kwamba zingine mbaya, ila kaboni inakusamehe zaidi kwenye umbali. Na kitu kingine, hita za kupasha chumba za kutundika ukutani au zile za baa za nje SIO hita za sauna hata kama zote ni infraredi. Zimepimwa kwa chumba cha nyuzi 20 na kitu, sio boksi la nyuzi 60.

Hatua ya 3: hesabu mzigo na upange laini yake peke yake

Mfano wetu: paneli mbili za mgongoni wati 350 kila moja, mbili za pembeni 300 kila moja, moja ya miguuni chini ya benchi 300, na moja ya sakafuni 200. Jumla wati 1,800. Gawa kwa 230 unapata ampea 7.8.

Mtu ataona 7.8 atasema si plagi ya 13A inatosha? Kwa karatasi inatosha, na kabini nyingi ndogo zinakuja na plagi kiwandani. Shida ni soketi zetu. Soketi ya bei rahisi ambayo springi zake zimelegea, ukiipa ampea 8 kwa saa nzima, pini inaanza kupata joto, joto linalegeza springi zaidi, mguso unapungua, joto linaongezeka. Ukichomoa unakuta plastiki kuzunguka pini ya laini (ule waya wenye umeme) imekuwa kahawia na soketi inanuka samaki. Harufu hiyo ukiisikia zima umeme, usitafute sababu nyingine. Na extension hapana, hata iwe nene namna gani.

Kwa hiyo vuta laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka, bila kitu kingine juu yake. Kwa mzigo kama huu kebo ya 2.5mm² ya shaba na breka ya 16A. Mwisho wa laini usiweke soketi, weka swichi ya DP ya 20A, ileile inayotumika kwa hita ya maji, yenye taa nyekundu, inakata laini na nyutro zote mbili. Iwe nje ya kabini, mahali mtu wa nje anaweza kuifikia haraka. Kabini ikiwa kubwa, tuseme wati 3,000 ambazo ni ampea 13, mimi naenda breka ya 20A na kebo ya 4mm², hasa kama waya unapita kwenye paipu ndani ya ukuta wa matofali au juu ya dari ya bati ambako mchana kunachemka. Waya ulio kwenye joto unabeba umeme kidogo kuliko unavyosema kitabu.

Umbali nao una kazi yake. Kebo ya 2.5 inapoteza kama milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita, kwa ampea 7.8 na mita 20 ni volti 2.8 hivi, hiyo haina neno. Ila kama kabini iko kibanda cha nyuma mita 60 kutoka kwenye boksi unapoteza zaidi ya volti 8, panda kebo nene. Na msije mkalaumu hita bure: pale umeme wa jioni unaposhuka mpaka volti 200, hita inatoa asilimia 76 tu ya nguvu yake. Kabini inayochelewa kupata joto saa mbili usiku na mchana inawahi, tatizo ni volti za mtaa.

RCD na ethi, usiruke hapa. Laini hii iwe na RCD, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja kwenda ardhini, ya miliampea 30, au RCBO inayofanya kazi ya breka na RCD pamoja. Angalia namba, maana nyumba nyingi zina RCD kwenye mein swichi ya miliampea 100 au 300, hiyo inalinda nyumba isiungue, hailindi mtu. Kwa nini naisisitiza? Nyumba nyingi huku ethi yake ni rodi tu iliyopigwa ardhini. Tuseme rodi yako ina ukinzani wa omu 40, ambao sio wa ajabu udongo ukikauka. Waya wa laini ukigusa bodi ya chuma, umeme utakaopita ni 230 gawa kwa 40, ampea 5.75. Breka ya 16A inaona 5.75 inasema huyu mteja wa kawaida, haikati milele, na bodi inabaki na umeme ikikusubiri uiguse na jasho. RCD inakata kwenye 0.03. Sasa fundi akikwambia "breka inatosha" mwonyeshe hiyo hesabu.

Hatua ya 4: mahali pa kuweka

Ndani, pakavu, sakafu iliyonyooka. Tiles au zege poa, kapeti hapana. Usiiweke bafuni karibu na shawa kwa sababu tu ndo chumba kilichobaki. Kabini na kontrola yake havikutengenezwa kurushiwa maji. Acha nafasi pande zote angalau ya kuingiza mkono, na juu acha zaidi kwa sababu boksi la kontrola mara nyingi linakaa juu ya paa la kabini na linahitaji kupumua, na siku likiharibika fundi atataka kichwa na mikono yake ipite. Ukishaweka, juu ya paa hilo hakuna kuhifadhi mablanketi, mabegi, wala boksi la mti wa krismasi.

Hatua ya 5: mbao, kwa mnaojijengea

Saiprasi iliyokauka vizuri ni nzuri na inapatikana, bei yake inavumilika. Paini nayo inatumika ila chagua isiyo na vifundo vingi, maana kifundo kwenye joto kinatoa utomvu unaonata na unaunguza ngozi. Mbao zenye dawa ya mchwa USIWEKE ndani, joto litaitoa dawa kwenye hewa unayovuta. MDF, chipboard, plywood ya kawaida, hapana, gundi yake inatoa hewa mbaya. Ndani usipake vanishi wala rangi, mbao ibaki tupu kama ilivyo, sandapepa tu.

Tumia T&G (mbao za ulimi na mfereji zinazoingiana) ili zikitanuka na kusinyaa zisiache nyufa. Kati ya kuta mbili ukitaka kuzuia joto weka sufi ya mawe, usiweke lile povu jeupe la kwenye makasha ya TV, linalainika kwa joto na likishika moto linawaka vibaya. Skruu za kwenye benchi na mgongoni zizamishe ndani ya mbao, kichwa cha skruu kilicho uso kwa uso na paneli kinapata joto na kinakupiga chapa mgongoni.

Hatua ya 6: kupanga paneli

Panga kwa kufuata mwili uliokaa. Za mgongoni zianze usawa wa kiuno mpaka bega, za pembeni usawa wa mbavu na paja, ya miguuni iangalie misuli ya nyuma ya goti kushuka chini. Kaa kwenye benchi mwenyewe, weka alama kwa penseli, kisha mkalishe yule mfupi kuliko wote nyumbani. Kichwani hapahitaji hita. Watu wanapenda kuweka moja juu ya dari, mimi naona inachosha kichwa bila faida, na paneli nyingine haziruhusiwi kulala kifudifudi kabisa, angalia karatasi yake.

Nyuma ya paneli usikandamize na sufi wala povu kama mtengenezaji hajasema. Paneli imepimwa ikiwa na hewa kidogo nyuma, ukiiziba joto linarudi ndani na inajipika. Umbali kati ya paneli na mbao ya mbele fuata karatasi iliyokuja nayo, sio macho. Mbele ya paneli ya mgongoni lazima kuwe na vibao vya mbao vilivyoachana, mtu aegemee mbao, asiegemee hita. Ya chini ya benchi iwe na kizuizi cha mbao pia, na waambie watu wa nyumbani hapo chini sio pa kuvulia ndala wala kusukumia taulo.

Usitoboe paneli ya kaboni. Hata tundu dogo la skruu ya kuishikilia. Ndani yake kuna njia ya umeme, ukiikata nusu, umeme wote unapita sehemu iliyobaki na pale panakuwa moto kuliko pengine. Tumia fremu au klipu zake. Na paneli iliyokunjika au kupasuka kona wakati wa safari usiifunge "tuone kwanza".

Hatua ya 7: waya ndani ya kabini

Waya wa kawaida wa nyumba, ule wa PVC, mwisho wake ni nyuzi 70. Kwenye kuta karibu na hita utapita hapo, plastiki itakakamaa, baada ya muda inapasuka. Ndani ya kabini na nyuma ya paneli tumia waya wa silikoni, unaohimili nyuzi 180, maduka ya vifaa vya oveni na hita za viwandani wanao. Waya wa PVC uishie nje, kwenye boksi la kuunganishia lililo upande wa baridi.

Silikoni ina tabia yake. Ni laini kama mpira wa kuchezea, ukiupitisha kwenye ukingo wa bati mkali unachanika hata huoni. Kila tundu unalopitisha waya, lisugue kwa sandapepa au weka pete ya mpira wa silikoni. Usiupigie pini za stepla. Ukitaka kumenya ncha, zungusha wembe polepole bila kugusa nyuzi za shaba, ukivuta kwa meno au koleo utakata nyuzi tatu nne, na hizo tatu nne ndo zitakuletea moto. Kisha vesha ncha kikofia cha shaba cha kubana kwa koleo lake, ndo uingize kwenye kiungio.

Viungio viwe vya udongo mweupe, vile vya porcelain, vya plastiki vinalainika. Tepu nyeusi usahau, gundi yake ikipata joto inateleza na waya unabaki uchi. Kitu ambacho mafundi wengi wanakipenda ni kulowesha ncha ya waya kwa risasi kisha kukaza skruu juu yake. Inaonekana safi, lakini risasi ni laini, chini ya skruu inajisogeza taratibu na baada ya miezi skruu imelegea yenyewe. Kwenye mzigo huu usifanye.

Paneli zote zinafungwa sambamba, kila moja na laini na nyutro yake kutoka kwenye kontrola. Kama kabini yako ni ya kiwandani utakuta soketi ndogo zimeandikwa namba, chomeka mpaka usikie mlio, vuta kidogo kuhakikisha. Ethi iende kwenye kila fremu ya chuma, kwenye wavu wa chuma, na kwenye boksi la kontrola. Ile foili ya aluminiamu inayorudisha joto nayo ni chuma, waya wowote usilale juu yake. Ndani ya kabini hakuna soketi, hakuna ya simu, hakuna ya spika. Taa iwe ya LED ya volti 12 na kibadilishaji chake kikae nje.

Hatua ya 8: kontrola, sensa, na kile kidude cha pili cha kukata

Sensa ya joto ifunge juu karibu na dari, mahali ambapo hewa inapita, isitazamane na paneli. Ikitazamana itasoma joto la paneli, itazima mapema, na wewe utakaa humo unasubiri. Ikiwekwa chini karibu na mlango itasoma baridi, hita hazitazima.

Sasa, kidude cha pili. Kontrola inazima hita kwa kutumia rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, na rilei ikifa mara nyingi inakufa kwa kuungana, vichwa vyake vinashikana kwa cheche. Skrini itakuonyesha imezima, namba zinashuka vizuri, lakini hita zinaendelea kula umeme. Ndo maana lazima kuwe na kikata-joto kinachojitegemea, chenye kitufe cha kurudisha kwa mkono, kilichofungwa moja kwa moja kwenye njia ya umeme wa hita na sio kupitia kontrola ileile. Kiwe cha kiwango alichosema mtengenezaji, juu kidogo ya joto la mwisho la kabini. Kikikata usikimbilie kubonyeza, tafuta kwanza kimekata kwa nini. Na kukiruka kwa kipande cha waya kwa sababu "kinasumbua" ndo namna nyumba zinavyoungua.

Taima iwe ya kuzima yenyewe, dakika 60 mwisho.

Hatua ya 9: hewa na mlango

Acha tundu la hewa karibu na sakafu na lingine juu lenye kifuniko cha kuteleza. Mlango ufungukie NJE, ushikwe na sumaku au kibanio cha kusukuma tu. Komeo hapana, kitasa cha kufunga hapana. Mtu akizidiwa anaegemea mlango, na mlango umtoe. Kioo kiwe temper, kile kilichoimarishwa.

Hatua ya 10: pima kabla hujawasha

Umeme umezimwa. Chukua malitimita, pima ukinzani wa kila paneli ukiwa umeichomoa. Kanuni ni volti mara volti gawa kwa wati, kwa hiyo ya 350 isome karibu omu 151, ya 300 karibu 176, ya 200 karibu 264. Ikipishana kidogo sawa. Isiposoma kabisa imekatika ndani, ikisoma chini sana irudi dukani. Paneli mbili pacha zinazopishana sana, kuna moja ina matatizo. Andika namba hizi kwa penseli nyuma ya ubao wa kontrola, utazihitaji baadaye.

Kisha megger (kifaa cha kupima kama umeme unavuja) ya volti 500, kati ya laini na nyutro zilizounganishwa pamoja, dhidi ya ethi. KONTROLA ICHOMOLEWE kwanza, megger inaua bodi zake. Kiwango cha chini kabisa ni megaomu 1, kabini mpya inatakiwa iwe juu sana ya hapo. Hita zilizokaa bohari lenye unyevu, au zilizosafiri baharini, zinaweza kusoma chini siku ya kwanza, ziache sehemu kavu kisha pima tena, usiwashe kwa matumaini.

Baada ya hapo fundi apime rodi ya ethi, apime RCD kwa kifaa chake, na wewe ubonyeze kitufe cha T (cha kujaribu) kwenye RCD uone inakata.

Hatua ya 11: kuwasha mara ya kwanza

Mlango wazi, hakuna mtu ndani, nusu saa. Harufu ya mbao na ya upya itakuwepo, hiyo kawaida. Harufu ya plastiki au ya samaki, zima. Kisha funga mlango, saa nzima nyingine, bado hakuna mtu.

Wakati inaendelea, shika kwa mgongo wa mkono kifuniko cha swichi, breka kwa nje, na boksi la kuunganishia. Uvuguvugu sawa, ikiwa huwezi kuacha mkono hapo kuna kiungio kibovu. Weka klampumita (mita inayobana waya na kusoma ampea) kwenye waya wa laini na usome volti wakati huohuo, kwa mfano wetu volti 230 ni ampea 7.8, zikiwa 215 utaona 7.3. Ikisoma pungufu sana kuna paneli haijawaka. Yule mwenye bunduki ya kupimia joto apite kwenye paneli moja moja, ila asilenge foili inayong'aa, itamdanganya.

Ikishapoa kabisa, zima breka, fungua, kaza skruu zote tena. Shaba ikipata joto mara ya kwanza inakaa sawa na skruu zinapata nafasi kidogo. Hii dakika kumi watu wanairuka na ndo yenye faida kuliko zote.

Kuhusu matumizi

Anza na dakika 15, baadaye 20 mpaka 30. Kunywa maji kabla na baada, pombe hapana. Mjamzito, mwenye moyo au presha, anayetumia dawa za kukojoa, aongee na daktari wake kwanza. Mtoto asiingie peke yake. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi awe mwangalifu sana na ile paneli ya miguuni, anaweza kuungua bila kuhisi, mzimie hiyo. Kalia taulo, lakini usilianike kwenye hita. Na tafadhali, hii sio sauna ya mawe, hakuna kumwagia maji wala mafuta ya mkaratusi juu ya paneli.

Umeme wake: wati 1,800 kwa dakika 45 ni uniti 1.35. Mara tatu kwa wiki ni kama uniti 16 kwa wiki nne. Kwa aliye Tanzania kwenye D1, ile tarifa ya TANESCO ya wanaotumia wastani wa chini ya uniti 75 kwa mwezi, angalia isikutoe huko.

Matunzo

RCD ibonyeze kila mwezi. Kila baada ya miezi michache zima breka, fungua boksi la kontrola, toa vumbi kwa brashi kavu, na angalia wageni: sisimizi na mijusi wanapenda sana lile boksi kwa sababu lina uvuguvugu, na mjusi mmoja akilala kwenye vichwa vya rilei anakuunguzia bodi nzima. Ziba matundu kwa wavu mdogo, usizibe kwa povu. Kaza skruu, angalia kama kuna waya umebadilika rangi. Mbao futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, hita zikiwa baridi.

Paneli ikianza kuchelewa kupata joto au ikawa na doa moto sehemu moja, ichomoe, pima ukinzani na ulinganishe na namba zile za penseli. Ikiwa imehama sana badilisha paneli nzima, ya volti zilezile na wati zilezile. Paneli hazifunguliwi kurekebishwa, na ukiweka yenye wati kubwa zaidi rudi hatua ya 3 upige hesabu upya.